Uzi: Mgonjwa wa aota akilegea miguu, presha kwanza (ICU, wodi na kliniki za Kanda ya Ziwa)

#1 Kapripoint

Wakuu, tukusanye hapa hatua za kushika pale mgonjwa aliyepasuliwa aota (mshipa mkuu wa damu utokao kwenye moyo) anapolegea miguu kwa sababu uti wa mgongo umekosa damu. Upasuaji wenyewe hufanyika Dar es Salaam au India, lakini anayemkuta mgonjwa ameshindwa kunyanyua kisigino wiki ya tatu anaweza kuwa daktari wa wilaya Magu au tabibu wa Ukerewe. Ndiyo maana uzi huu hautaishia ICU.

Uti wa mgongo una mshipa mmoja wa mbele na miwili ya nyuma. Ule wa mbele ndio unaolisha sehemu kubwa, na huongezewa damu njiani na matawi ya aota. Tawi kubwa kuliko yote, la Adamkiewicz, mara nyingi huchomoza upande wa kushoto kati ya pingili ya 9 na ya 12 ya kifua. Kipande kirefu cha aota kikibadilishwa au kikifunikwa kwa stenti (bomba linalowekwa ndani ya mshipa), matawi hayo hufungwa. Hatari kubwa zaidi iko kwenye aina ya pili ya Crawford (mgawanyo wa aina kwa urefu wa kipande kinachobadilishwa), ambapo aota hubadilishwa kuanzia karibu na mshipa wa mkono wa kushoto hadi chini ya figo.

Baada ya hapo uti hutegemea mishipa midogo ya pembeni: inayotoka kwenye mshipa wa mkono wa kushoto, ya katikati ya mbavu na ya nyonga. Mishipa hiyo haina akiba. Damu hupita kama msukumo upo, na hesabu ya msukumo ni hii: presha ya wastani ya mishipa, toa shinikizo la maji ya mgongo (yale yanayozunguka ubongo na uti). Ikiwa presha ya vena kuu ndiyo kubwa kuliko shinikizo la maji, toa hiyo.

Mfano: presha 118/64. Wastani ni 118 jumlisha 64 mara mbili, gawa kwa 3, yaani 82. Shinikizo la maji likiwa 14, uti unapata 68. Kwa macho ya wodini 118/64 ni presha nzuri kabisa. Kwa uti uliopoteza matawi yake haitoshi. Tunataka 70 kwenda juu, na mgonjwa akishaonyesha dalili tunataka zaidi ya 80.

Karibuni. Sista wa ICU aanze na upimaji, maana huko ndiko muda unakopotea.

#2 Zamu_ya_Usiku

Asante daktari.

Miguu ipimwe kila saa, na mgonjwa asisubiriwe aamke mwenyewe. Aamshwe, aambiwe: "Nyanyua mguu wa kulia, goti likiwa limenyooka." Halafu wa kushoto. Kuchezesha vidole vya miguu hakutoshi, kwa sababu misuli ya nyonga inaweza kuwa imelegea huku vidole bado vinacheza. Andika alama ya nguvu 0 hadi 5 kwa kila mguu (5 ni nguvu kamili). "Miguu iko sawa" si alama. Zamu inayofuata haitajua kama 4 ya sasa ilikuwa 5 saa mbili zilizopita, na tofauti hiyo ndiyo kengele.

Kosa la pili ni kutegemea mguso. Sehemu ya mbele ya uti ikikosa damu, nguvu hupotea pamoja na hisia ya maumivu na ya joto na baridi. Hisia ya mtetemo na ya kujua mguu uko upande gani hubaki, kwa kuwa hupita nyuma. Mgonjwa atakwambia anasikia mkono wako, na uti wake unakufa. Pima kwa kitu chenye ncha, ukianzia kifuani kushuka, uweke alama ya peni mahali uchomaji unapobadilika.

Mguu mmoja tu ukilegea, gusa mapigo ya kinena na ya unyayo kabla ya kulaumu uti. Mguu wa baridi, mweupe, usio na mapigo ni donge la damu kwenye mshipa wa mguu, na hilo ni la chumba cha upasuaji. Tazama pia uso na mkono wa upande huohuo, isije ikawa kiharusi.

#3 Kapripoint

Niongeze: msiwape dawa ya ganzi kwa mpira wa mgongoni kwa ajili ya maumivu. Miguu ikilegea hamtajua ni bupivakaini au ni damu imekosekana. Na kama anaamka kutoka kwenye usingizi, kipimo cha kwanza cha miguu kifanyike mapema kabisa, hata kama bado yuko kwenye mashine.

#4 Mtaa_wa_Uhuru

Naomba kueleweshwa mpira wa kutoa maji ya mgongo. Kuna wanaotoa mililita 10 kwa saa, wengine 20, wengine wanaacha wazi. Kipi sahihi?

#5 Zamu_ya_Usiku

Kuacha wazi bila kikomo ni kosa, halina mjadala. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo kwa wakati mmoja na hutengeneza kama 500 kwa siku, yaani karibu 20 kwa saa. Ukitoa haraka kuliko yanavyotengenezwa, ubongo unashuka, vena ndogo za juu yake zinavutika na kuchanika, damu inajikusanya ndani ya fuvu. Mgonjwa huanza na kichwa kuuma, halafu anasinzia, halafu mboni moja inapanuka.

Kawaida yetu: lengo la shinikizo ni 10 mmHg, kikomo mililita 10 hadi 15 kwa saa. Saa ikijaza kikomo, funga hadi saa ijayo. Miguu ikilegea, wengi hupandisha kikomo hadi 20 kwa muda mfupi, daktari akiwa amesimama pale.

Sasa vipimo. Chemba nyingi za kudondoshea zina rula ya sentimita za maji, siyo milimita za zebaki. 10 mmHg ni sentimita 13.6. Ukiweka chemba kwenye 10 ya sentimita ukidhani ni mmHg, umeweka lengo la 7 hivi, na maji yatatoka zaidi ya ulivyopanga. Sifuri ya rula iwe usawa wa moyo, katikati ya kifua mgonjwa akilala chali, na timu nzima itumie sehemu hiyohiyo. Kitanda kikipandishwa na chemba ikabaki chini, maji yanamwagika. Kwa hiyo FUNGA KOKI kabla ya kumgeuza, kumkalisha, kumpeleka kwenye picha ya CT, hata kabla ya fizio kumkohoza. Ukimaliza, pima sifuri upya, ndipo ufungue.

Transdyusa (kipima shinikizo) ya mgongoni haifungwi mfuko wa presha wala heparini. Ijazwe maji ya chumvi safi yasiyo na kihifadhi, kisha ifungwe. Bandika lebo kubwa kwenye mpira, maana koki yake inafanana na ya dripu, na dawa ya mshipani ikiingia mgongoni ni janga.

Maji yakigeuka mekundu: funga, pima miguu, pima kichwa, tuma INR na chembe sahani (vipimo vya kuganda kwa damu), omba CT.

#6 Mtaa_wa_Uhuru

Hiyo ya sentimita na milimita ichapwe ibandikwe ukutani. Na je, mpira wenyewe una faida iliyothibitika, au ni mazoea?

#7 Kisu_na_Uzi

Una ushahidi. Jaribio la Coselli la Houston, 2002, lilikuwa na wagonjwa 145 wa aina ya kwanza na ya pili ya Crawford. Waliowekewa mpira, 2.6% walipooza au kulegea miguu, wasiowekewa, 13%. Lakini huo ni upasuaji wa kufungua. Kwa stenti mimi siwaweki wote. Namweka mwenye stenti ndefu, aliyewahi kubadilishiwa aota ya tumboni, au ambaye mshipa wa mkono wa kushoto au wa nyonga umefunikwa. Mpira wenyewe una madhara: damu ndani ya fuvu, damu inayobana uti, homa ya uti wa mgongo, kipande kukatikia ndani. Ukiuweka kwa kila mtu, unawapa hatari watu ambao wasingeuhitaji.

#8 Kapripoint

Hapo tunatofautiana kidogo mkuu. Kuuweka saa nane usiku kwa mgonjwa aliyekwisha kulegea, damu haigandi vizuri, mtaalamu wa usingizi yuko nyumbani Nyegezi, ni hatari zaidi ya kuuweka mchana kwa utulivu. Ila nakubali kwa stenti fupi.

Sasa hatua za dharura. Mgonjwa alikuwa na 5, sasa ana 2. Zifanyike pamoja, na mtu mmoja ashike saa.

Alale chali kabisa. Oksijeni, ujazo wake kwenye damu uwe juu ya 95%. Simamisha kila dawa inayoshusha presha, pamoja na dripu za nitrati. Nitroprusaidi ni mbaya zaidi, kwa kuwa inashusha presha huku ikipandisha shinikizo la maji ya mgongo, hivyo msukumo unapunguzwa pande zote mbili. Fungua mpira hadi shinikizo lishuke 10 au chini. Pandisha presha ya wastani hadi 90, na noradrenalini iongezwe ili ipande 5 hadi 10 kila dakika chache, huku miguu ikipimwa kila hatua. Miguu isiposogea presha ikiwa 90, nenda 100, hata zaidi kama mpasuaji ameridhia.

Noradrenalini miligramu 4 kwenye bomba la mililita 50 ni mikrogramu 80 kwa mililita. Mtu wa kilo 60 kwa mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika anahitaji mililita 4.5 kwa saa. Pampu hakuna? Weka miligramu 4 kwenye dextrose 5% ya mililita 500. Dozi ileile ni mililita 45 kwa saa, yaani matone 45 kwa dakika kwenye seti ndogo ya matone 60, au matone 15 kwenye seti ya matone 20. Mtu asiondoke kitandani, maana seti ya matone hubadilika mgonjwa akikunja mkono. Laini kubwa ya mkono karibu na kiwiko inafaa kwa muda wakati laini ya shingoni inatafutwa. Ngozi ikivimba au ikiwa nyeupe, toa.

Damu: Hb (kiwango cha damu) chini ya 10, ongeza. Presha peke yake haibebi oksijeni. Kwa hiyo sampuli ya kulinganisha damu itumwe dakika ileile, isisubiri majibu ya kipimo kingine. Sukari ibaki chini ya 10 mmol/L, homa ishushwe. Na usimjaze maji ya dripu bila kipimo, kwa sababu presha ya vena ikifika 15 umejiongezea kizuizi mwenyewe kwenye ile hesabu ya #1.

Tahadhari moja: uti ukikosa damu, mishipa hulegea na presha hushuka yenyewe. Uti unashusha presha, presha iliyoshuka inazidi kuua uti. Ukikuta presha ya chini na miguu iliyolegea, usikae kutafuta kipi kilitangulia.

#9 Kisu_na_Uzi

Naafiki, kwa masharti mawili. Kwanza nipigieni kabla ya kuvuka 90 kwa aliyefunguliwa kifua. Mpira wa kifuani ukitoa zaidi ya mililita 200 kwa saa, tatizo ni kuvuja, na kupandisha presha kutaongeza uvujaji. Zuia damu, jaza damu, ndipo upandishe. Pili, aliyepasuka ukuta wa aota na bado amebakiwa na sehemu isiyotengenezwa, kima cha juu tukubaliane kwa simu.

CT au MRI lazima, lakini baada ya presha kupanda. Tunatafuta damu inayobana uti mahali mpira ulipoingia, kwa kuwa hiyo inahitaji kufunguliwa ndani ya saa chache. Mgonjwa asiende kwenye mashine akiwa na wastani wa 65.

#10 Mtaa_wa_Uhuru

Steroidi je? Manitoli? Naloksoni?

#11 Kapripoint

Kuna vituo vinavyotoa. Ushahidi ni mwembamba. Sikatazi, ila sitaki kumwona mtu anatafuta deksamethasoni kwenye kabati huku presha ya wastani ni 70.

#12 Tabibu_Nansio

Mmezungumza ya ICU, sasa njooni kisiwani. Mgonjwa karuhusiwa akitembea, na barua inasema "aendelee na dawa za presha". Kliniki anapimwa 148/86, anaongezewa amlodipini. Wiki hiyohiyo anaharisha. Miguu inalegea usiku, na feri ya Rugezi–Kisorya haipo. Tufanyeje?

#13 Kisu_na_Uzi

Umeshika penyewe. Kulegea kwa kuchelewa huja saa, siku, hata wiki baada ya upasuaji, kwa mtu aliyeamka mzima, na mara nyingi nyuma yake kuna presha iliyoshuka: kuharisha, malaria kali, damu kuvuja, moyo kwenda mrama, dialisisi, au kidonge kilichoongezwa. Habari njema ni kwamba aina hii hurudi vizuri kuliko ile ya kuamka umepooza, ikiwahiwa.

Lawama ni yetu tunaoandika barua. Barua ya ruhusa iwe na kima cha juu NA kima cha chini cha presha, mkono wa kupimia, na namba ya kupiga. Kwa wiki za mwanzo tunavumilia presha ambayo kliniki ya kawaida ingeitibu. Kushusha kwa lengo la muda mrefu kuna wakati wake, dozi moja baada ya nyingine, na si dawa mbili siku moja.

Mkono wa kupimia si jambo dogo. Stenti ikiwa imefunika mshipa wa mkono wa kushoto, mkono huo husoma chini. Pima yote miwili, uandike kubwa zaidi. Vinginevyo kituo kimoja kitasema 100 na kingine 140, wote wawili wakiwa sahihi.

Kuhusu usiku wa kisiwani: mlaze chali, miguu juu ya mto. Dripu ya chumvi mililita 500 ikimbie, sikiliza mapafu, pima, rudia kama kweli amekauka. Simamisha vidonge vyote vya presha. Kizuia-beta (kidonge kinachopunguza kasi ya moyo) tuulizane kwanza, hasa kama moyo unakimbia au aota iliyobaki imepasuka ukuta. Oksijeni ikiwepo. Adrenalini ndiyo mnayo: miligramu 1 kwenye chumvi mililita 500 ni mikrogramu 2 kwa mililita, anza na matone 60 kwa dakika ya seti ndogo, yaani mikrogramu 2 kwa dakika, pandisha kwa presha na mapigo ya moyo. Piga simu wakati dripu inaingia, siyo baada ya kumaliza.

#14 Famasi_Igoma

Ongezeni na maelekezo ya famasi. Mgonjwa akiharisha au kutapika, anayemwona wa kwanza ni sisi dirishani, anataka ORS na dawa ya tumbo. Kama ana kovu la ubavuni au la kinena na anatumia losartani, amlodipini na diyuretiki (dawa ya kukojoza), asiambiwe tu "kunywa maji mengi". Apimwe presha amekaa na amesimama, na vidonge visimame hadi daktari aseme. Diyuretiki kwanza kabisa.

#15 Kisu_na_Uzi

Sahihi kabisa. Wabeja.

#16 Fizio_Nyegezi

Naomba nizungumzie wale ambao miguu haikurudi, au ilirudi nusu. Kazi inaanza siku ya kwanza, ila kukaa kitako ni dozi kama dawa nyingine. Mgonjwa mwenye uti ulioumia presha hushuka akiinuliwa. Mpira wa maji ufungwe, presha ipimwe, nyuzi 30 kwa dakika kadhaa, ipimwe tena, 45, 60. Mkanda wa tumboni na soksi za kubana zivaliwe kabla ya kuinuliwa. Presha ya wastani ikishuka chini ya lengo la daktari, au akisema miguu inazidi kuwa mizito, mrudishe chali na uite. Hiyo ya pili watu huiita uchovu. Isiitwe uchovu.

Kumgeuza kila saa mbili, usiku pia. Visigino vining'inie nje ya mto, kwa maana mto uwe chini ya muundi. Nyayo zikae wima nyuzi 90, la sivyo baada ya wiki kadhaa kifundo kinakaza na hata nguvu ikirudi hawezi kukanyaga. Kwenye kiti mwendo ajinyanyue au ainame mbele kila dakika 15 hadi 30, kwa dakika moja au mbili.

Mkojo: mpira wa kudumu ukitoka, atolewe mkojo kila saa 4 hadi 6, na kiasi kisizidi mililita 500 kwa mara. Kikizidi, fupisha muda, usipunguze maji ya kunywa. Haja kubwa: dawa ya kuweka njia ya haja kubwa, dakika 20 hadi 30 baada ya chai ya asubuhi, saa ileile kila siku.

Na nyumbani pakaguliwe kabla ya kuruhusiwa. Nyumba za Mabatini na Igogo zilizopanda juu ya mawe hazina njia ya kiti. Ndugu wa bondeni ampokee kwa muda. Jiko la mkaa lisikae karibu na miguu isiyohisi. Mawe ya jua la saa saba pia yanaunguza, na yeye hatajua mpaka malengelenge yaonekane.

#17 Tabibu_Nansio

Swali la kando. Huku kichocho ni kingi na kinajulikana kushambulia uti. Nitakitofautisha vipi?

#18 Kapripoint

Mwendo wake. Kukosa damu huangusha miguu kwa dakika au saa. Kichocho cha uti huja kwa siku na wiki, kikiambatana na maumivu ya kiuno, mkojo kugoma, miguu kuchoka taratibu. Kifua kikuu cha pingili ni polepole zaidi, na mgongo unauma ukigongwa. Kwa aliyepasuliwa aota, tibu presha usiku huo, kipimo cha kichocho kifanyike kesho. Kinyume chake haifai.

#19 Zamu_ya_Usiku

Jambo moja limebaki: kutoa mpira. Kawaida unakaa saa 48 hadi 72. Miguu ikiwa sawa, ufungwe kwanza, ukae umefungwa saa 24 presha ikishikiliwa palepale na miguu ikipimwa kila saa. Usipunguze noradrenalini siku ileile unayofunga mpira. Miguu ikilegea hutajua kipi kimesababisha. Siku ya kutoa, INR iwe chini ya 1.3 na chembe sahani juu ya 100,000. Ncha ikaguliwe imetoka nzima. Kidonda kikivuja maji, mshono mmoja na alale.

Daktari, heparini ya kuzuia damu kuganda tuiweke saa ngapi? Tunaulizana kila zamu.

#20 Kapripoint

Heparini ya kawaida, uniti 5,000 chini ya ngozi: toa mpira saa 4 hadi 6 baada ya dozi ya mwisho, anza tena saa 1 baada ya kutoa. Enoksaparini ya kinga, miligramu 40: saa 12 kabla, saa 4 baada. Kama kuutoa kulileta damu, subiri saa 24 na umwambie mpasuaji. Na ile dozi isiyotolewa iandikwe kwenye chati pamoja na saa, ili zamu ya asubuhi isidhani imesahaulika na kuichoma saa mbili kasoro robo wakati mimi nakuja kutoa mpira saa mbili.